Kuacha Sigara Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Uache Lini, kwa Njia Ipi, na Uchague Upasuaji Upi

Mvutaji anayejiandaa kwa upasuaji wa kupunguza uzito huambiwa mapema kabisa: acha sigara, la sivyo hupangiwi tarehe. Wengi hulichukua kama sharti la kuvuka mlango tu. Hujikaza, hupimwa, hupasuliwa, na miezi michache baadaye kiberiti kimerudi mfukoni. Hili halisemwi kwa kubahatisha. Nchini Marekani, watu 1,770 waliofanyiwa baipasi ya tumbo, aina mojawapo ya upasuaji huu, walifuatiliwa kwa miaka 7. Mwaka mmoja kabla ya upasuaji, waliokuwa wanavuta walikuwa karibu asilimia 14. Siku ya upasuaji ilipofika walibaki asilimia 2 hivi. Mwaka mmoja baadaye walikuwa karibu asilimia 10, na kufika mwaka wa 7 walikuwa asilimia 14, palepale walipoanzia.

Kwa sababu hiyo, nikilinganisha njia za kuacha sigara kwa mtu wa upasuaji huu, siulizi tu ni ipi itakayomfikisha chumba cha upasuaji akiwa safi. Nauliza pia ni ipi itakayomfaa akishaamka na tumbo jipya, dogo, lisilopokea vitu kama zamani. Kuna dawa nzuri sana kabla ya upasuaji ambazo baada yake huwa kero, na nyingine huwa hatari. Basi yapo maamuzi matatu ya kupima: wakati, aina ya upasuaji, na njia yenyewe ya kuacha. Mwenye neno la mwisho juu ya dawa ni daktari wako, lakini ukienda kwake ukijua unachouliza, mazungumzo yatakuwa mengine.

Mwaka mmoja, wiki 6, au siku chache?

Miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito inamtaka mvutaji aache mapema iwezekanavyo, ikiwezekana mwaka mmoja kabla, na kwa uchache kabisa wiki 6. Shirika la Afya Duniani nalo, likizungumzia upasuaji wa kila aina, lilisema Januari 2020 kwamba anayeacha wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo, na kila wiki isiyo na tumbaku baada ya hizo 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19. Kwa hiyo wiki 4 ni sakafu ya upasuaji wowote, wiki 6 ni sakafu ya upasuaji huu, na mwaka mmoja ndiyo shabaha.

Mwili unapata nini kwa kila muda? Siku moja tu bila sigara ina faida yake. Moshi una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ukiacha, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6, na ndani ya siku moja damu huanza tena kubeba oksijeni inavyopaswa. Kwa mtu mnene anayelazwa chali chini ya nusukaputi, mapafu yakiwa yamebanwa na uzito wa tumbo, oksijeni hiyo ina thamani kubwa. Kuna dhana ya zamani kwamba kuacha siku chache kabla ya upasuaji ni hatari kwa sababu makohozi huongezeka. Watafiti walipokusanya ushahidi hawakuona kwamba kuacha karibu na upasuaji huongeza matatizo. Kama umechelewa, acha hata usiku wa kuamkia upasuaji, ila timu yako ijue ukweli kwamba umeacha jana.

Siku moja, hata hivyo, haiponyi kidonda. Wiki 4 hadi 6 ndizo zinazoleta mabadiliko ambayo mpasuaji anayahitaji: vinyweleo vya njia ya hewa vinaanza tena kufagia makohozi, chembe za kinga zinarudi kazini, damu inafika vizuri kwenye ngozi na kwenye maungio ya utumbo. Mvutaji anayepasuliwa kabla ya hapo yuko katika hatari kubwa zaidi ya nimonia, usaha kwenye kidonda, na damu kuganda kwenye mishipa.

Halafu kuna hesabu ambayo nadhani haisisitizwi vya kutosha. Timu nyingi humpa mgonjwa mlo mkali kwa wiki 2 hivi kabla ya upasuaji, mara nyingi wa vinywaji vitupu, ili ini lisinyae na mpasuaji aweze kuliinua na kulifikia tumbo. Arosto ya sigara huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa taratibu ndani ya wiki 2 hadi 4. Anayeacha wiki 2 kabla ya upasuaji anajikuta na njaa ya mlo na arosto ya sigara wiki ileile, hana chakula cha kujiliwaza wala sigara ya kusahau njaa. Ni vita viwili kwa mkupuo mmoja. Ukihesabu kurudi nyuma, anayeacha wiki 6 kabla huingia kwenye mlo ule akiwa na wiki 4 za utulivu nyuma yake. Hiyo kwangu ni sababu ya pili, yenye uzito sawa na ya kidonda, ya kutokubali muda ulio chini ya wiki 6.

Mwaka mmoja unaongeza nini basi, ikiwa kidonda kimeshapata haki yake? Unaipa akili nafasi. Katika mwaka mzima utapita msiba, sherehe, ugomvi wa kazini, ugonjwa wa mtoto, na kila mara utajifunza kupita bila sigara ungali na uhuru wa kula, kunywa na kutembea unavyotaka. Mtu wa wiki 6 hukutana na mambo hayo kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, ambapo hata chakula, liwazo lake kubwa la zamani, hakipo tena.

Mimi ningemshauri mtu wa kawaida, asiye na haraka ya kitabibu, aweke siku ya kuacha miezi 4 kabla. Sababu itaonekana nikifika kwenye dawa. Kusubiri uache baada ya upasuaji ndilo chaguo baya kuliko yote, na timu nyingi hazitakuruhusu.

Slivu au baipasi, kwa mtu aliyewahi kuvuta

Uamuzi huu watu huufanya kwa kutazama kilo tu. Kwa mvutaji, na hata kwa aliyeacha juzi, sigara inastahili kuingizwa kwenye mizani.

Katika slivu, mpasuaji hukata na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mwembamba na mrefu, umefungwa kwa mstari wa pini ndogo. Utumbo hauguswi. Katika baipasi, hutengenezwa kifuko kidogo juu, kinachobeba kama mililita 30, kisha utumbo mwembamba hupandishwa na kuunganishwa nacho. Sehemu kubwa ya mfuko wa chakula hubaki ndani, lakini chakula hakipiti humo tena.

Tatizo la mvutaji liko pale pa kuunganishwa. Utumbo ule haukuumbwa kupokea tindikali ya tumbo. Pakikosa damu ya kutosha, kidonda huchimbika, na sigara hupunguza damu inayofika hapo huku ikidhoofisha ute unaolinda. Madaktari wamekijua kidonda hiki cha maungio kwa miaka mingi, na uvutaji uko mstari wa mbele kati ya visababishi vyake, pamoja na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, na bakteria wa Helicobacter pylori. Kinaweza kuuma kila ukila, kinaweza kuvuja damu, na kinaweza kutoboka, na hapo mtu hukimbizwa chumba cha upasuaji usiku wa manane. Hatari hiyo haina mwisho wa muda. Anayerudia sigara mwaka wa 3 au wa 5 baada ya baipasi anairudisha hatari nyumbani.

Slivu haina maungio hayo, kwa hiyo kidonda cha namna hii si tishio lake kuu. Ila haimpi mvutaji kibali. Mstari wa pini unaweza kuvuja, na tishu isiyopata oksijeni hupona polepole. Zaidi ya hapo, slivu inajulikana kwa kuleta au kuzidisha kiungulia, na sigara hulegeza msuli unaozuia tindikali isipande kooni. Mwenye kiungulia kikali tangu zamani mara nyingi huelekezwa baipasi kwa sababu hiyo.

Hapo ndipo ugumu wa kweli ulipo: mvutaji mwenye kiungulia kikali. Kiungulia kinamvuta kwenye baipasi, sigara inamvuta kwenye slivu. Sioni jibu la haraka kwake. Ninachokiona ni kwamba mtu huyu, kuliko mwingine yeyote, anahitaji ule mwaka mmoja, ili siku ya kuchagua sigara isiwe tena sehemu ya hesabu. Kwa asiye na kiungulia, aliyewahi kuacha na kurudia mara kwa mara, slivu inamwachia nafasi zaidi ya kuteleza bila kutoboka utumbo, na si aibu kumwambia mpasuaji hivyo waziwazi. Wapasuaji wengi wangependa zaidi kulisikia hilo kabla kuliko kuligundua kwenye kamera ya tumbo baadaye.

Njia za kuacha: mbele ya kisu na nyuma yake

Kuacha ghafla bila msaada ndiyo njia inayopendwa na wengi kwa sababu haihitaji duka wala daktari. Faida yake kwa mtu wa upasuaji ni kwamba kipimo cha nikotini husafika haraka. Udhaifu wake ni kwamba wengi wanaojaribu peke yao hurudia, na hapa kurudia kunaweza kumaanisha tarehe kufutwa. Kupunguza kidogo kidogo nako kuna mtego: anayepunguza kutoka sigara 20 hadi 5 mara nyingi huvuta zile 5 kwa nguvu na kwa kina, akapata nikotini nyingi kuliko anavyodhani. Kupunguza kunafaa kukiwa na siku ya mwisho iliyoandikwa, hasa kukisindikizwa na dawa.

Viraka vya nikotini ndivyo ninavyoviona kuwa mwenzi mwaminifu zaidi katika pande zote mbili za upasuaji, kwa sababu moja tu: dawa hupita kwenye ngozi, haina shida na tumbo liwe zima, jembamba au limezungushwa. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na cha miligramu 21, hushuka hadi 14, kisha 7, kwa jumla ya wiki 10 hivi. Kinabandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele, sehemu ya mwili iliyo juu kuliko kiuno, na kesho yake mahali pengine, maana ngozi huwasha ikirudiwa. Ukiota ndoto za ajabu, kibandue unapolala. Kiraka peke yake, hata hivyo, ni cha polepole. Hakiwezi kuzima ile hamu ya ghafla inayokuja dakika tano baada ya simu mbaya. Ndiyo maana kiraka pamoja na kitu cha haraka, kama chingamu au pipi ya kumumunya yenye nikotini, hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake.

Sasa tazama chingamu hiyo kwa karibu. Haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Unaitafuna taratibu mpaka usikie ukali mdomoni, unaiegesha kati ya fizi na shavu, ukali ukipotea unatafuna tena, kwa karibu nusu saa. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa wala maji ya matunda, kwa sababu tindikali huzuia nikotini kupenya kwenye mashavu. Anayeitafuna haraka humeza nikotini pamoja na mate, akapata kwikwi, kichefuchefu na moto wa kifua. Kabla ya upasuaji hayo ni maudhi tu. Baada ya upasuaji, tumbo likiwa bichi, ni mateso, na timu nyingi hukataza chingamu za kila aina katika miezi ya mwanzo: ikimezwa kwa bahati mbaya inaweza kuziba njia nyembamba, na kutafuna humezesha hewa. Kwa hiyo ukichagua kiraka na chingamu, ujue mapema kwamba chingamu itabaki upande wa kabla. Pipi ya kumumunya ina unafuu kidogo kwa kuwa huyeyuka yote, ila nayo usiimeze.

Vareniklini ni kidonge kisicho na nikotini. Hukaa kwenye kipokezi kilekile cha ubongo ambacho nikotini hukaa, kikakiamsha kidogo kupunguza arosto na wakati huohuo kikaizuia nikotini isiingie, hivyo anayeteleza akavuta haoni ile raha. Huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, kwa dozi ndogo inayopandishwa hadi miligramu 1 mara mbili kwa siku, na dozi nzima ni wiki 12. Kwa nguvu, iko mbele. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki zaidi ya 8,000, vareniklini iliwasaidia watu kuacha kuliko bupropioni, kidonge kingine nitakachokieleza hapa chini, na kuliko kiraka, na vyote vitatu vilishinda kidonge kisicho na dawa. Jaribio hilohilo lilituliza hofu kwamba dawa hiyo huvuruga akili, na mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaliondoa onyo kali lililokuwa kwenye pakiti.

Kasoro yake kubwa ni kichefuchefu, na dawa ya kichefuchefu hicho ni kumeza kidonge baada ya kula, kwa bilauri nzima ya maji. Hebu fikiria maagizo hayo wiki ya pili baada ya upasuaji. Hakuna mlo wa kujaza tumbo. Maji yenyewe unayanywa kwa mafunda madogo mchana kutwa. Na ukitapika, hakuna atakayejua mara moja kama ni dawa, ni kula haraka, au ni njia iliyobana. Ndiyo sababu nimesema miezi 4. Ukianza vareniklini miezi 4 kabla, dozi nzima ya wiki 12 inakwisha ukiwa na tumbo lako la zamani, na bado unabakiwa na wiki kadhaa za kuona kama umesimama kwa miguu yako kabla ya kisu. Kwa mtu mwenye muda huo na asiye na ugonjwa mkali wa figo, hili ndilo chaguo langu la kwanza.

Bupropioni nayo ni kidonge kisicho na nikotini, na wengi huvutiwa nayo kwa sababu hupunguza kidogo uzito unaoongezeka mtu anapoacha sigara. Kwa kundi hili ninaitazama kwa tahadhari zaidi. Haifai kabisa kwa mwenye kifafa, wala kwa aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji kama kujinyima chakula au kula na kujitapisha, na mambo hayo yapo miongoni mwa watu wanaotafuta upasuaji huu hata kama hayasemwi. Kidonge chake kinachotumika kuacha sigara hutoa dawa polepole, na lazima kimezwe kizima. Baada ya upasuaji watu wengi huambiwa wasage vidonge vyao kwa wiki kadhaa. Bupropioni ikisagwa, dawa ya saa nyingi huingia mwilini kwa mara moja, na degedege linaweza kufuata. Kitu kingine: ipo dawa ya kupunguza uzito iliyochanganywa na bupropioni ndani yake. Kama uliwahi kuandikiwa na bado unaitumia, mwambie daktari kabla hajakuongezea nyingine.

Sitisini, inayotokana na mmea, hutumika kwa siku 25 tu na hufanya kazi kwa namna inayofanana na vareniklini. Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 2024 kwenye mwongozo wake wa kutibu uraibu wa tumbaku, pamoja na dawa nilizotaja hapo juu. Ufupi wake unamfaa aliyebakiwa na wiki chache, mradi avumilie ratiba ya kumeza kidonge kila saa 2 siku za mwanzo.

Sigara za kielektroniki ninaziweka mwisho. Ni kweli hazina moshi wa tumbaku iliyoungua, na wapo walioachia sigara kwa msaada wake. Ila nikotini yake ni nikotini ileile inayobana mishipa, kiasi chake hakidhibitiwi kama cha kiraka, na timu nyingi za upasuaji huzihesabu sawa na uvutaji. Zaidi ya yote, mkono unaendelea kwenda mdomoni. Kiraka kinakuondoa polepole kwenye tabia yenyewe. Kifaa hiki kinaitunza. Shisha na ugoro sizijadili hata kidogo. Ni tumbaku.

Kipimo kinachoweza kukuangusha ukiwa msafi

Nikotini yenyewe hupotea kwenye damu ndani ya muda mfupi, kwa hiyo maabara hupima kotinini, mabaki yake yanayodumu siku kadhaa. Kipimo hicho hakijui kama nikotini ilitoka kwenye sigara, kiraka au chingamu. Mtu anaweza kuwa hajavuta kwa miezi 2, amebandika kiraka chake kwa uaminifu, akaambiwa amefeli. Baadhi ya timu hukubali viraka mpaka siku ya upasuaji. Nyingine hutaka nikotini yote iwe imekwisha. Kuna kipimo kingine cha anabasini, kemikali iliyomo kwenye tumbaku lakini haimo kwenye dawa za nikotini, na kipimo cha pumzi kinachosoma kaboni monoksaidi. Hivyo viwili humtenga mvutaji na mwenye kiraka.

Uliza siku ya kwanza kabisa: mnapima nini, lini, na kiraka kinaruhusiwa? Jibu hilo peke yake linaweza kukuamulia njia. Kama nikotini ya aina yoyote imekatazwa na muda upo, vareniklini inashinda moja kwa moja, kwa kuwa haiachi kotinini. Kama kiraka kinaruhusiwa, usikubali kuogopeshwa kwamba ni sawa na sigara. Kwa binadamu, dawa za nikotini hazijaonekana kuharibu uponaji wa vidonda kama moshi unavyouharibu.

Hofu ya kunenepa

Hofu hii ni ya haki, na naielewa vizuri kwa mtu ambaye kila kilo kwake ni kesi. Nikotini hupunguza hamu ya kula na huuchochea mwili kuunguza nguvu zaidi. Wanaoacha bila dawa huongezeka kwa wastani wa kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka mmoja, nyingi zikija miezi 3 ya mwanzo. Ziweke kilo hizo kando ya makumi ya kilo ambayo upasuaji hupunguza, na kando ya kutoboka kwa utumbo. Kama timu yako inakudai upunguze uzito kabla ya upasuaji, waambie umeacha sigara na uombe walizingatie hilo. Hii nayo ni sababu ya kuacha mapema: kilo hizo zije na zishughulikiwe kabla ya ule mlo mkali wa wiki 2, zisije zikaangukia juu yake.

Nyongeza ndogo kuhusu kahawa, kwa sababu watu hushangaa. Moshi wa sigara huifanya ini ichakate kafeini haraka. Ukiacha, vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, mkono unatetemeka, usingizi unakimbia, na mtu anadhani ni arosto. Punguza kahawa kwa nusu wiki ileile unayoacha. Baadhi ya dawa huathirika vivyo hivyo, hasa teofilini ya pumu, na klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili: dozi iliyokutosha ukiwa unavuta inaweza kuwa kubwa mno ukishaacha. Anayezitumia asiache sigara kimyakimya bila daktari wake kujua.

Ningechaguaje

Mwenye miezi 4 au zaidi: vareniklini pamoja na mtu wa kuzungumza naye kila wiki, kisha upasuaji wowote utakaokubaliwa. Mwenye wiki 6 hadi 8, na timu yake inakubali nikotini: kiraka na pipi ya kumumunya, pipi zikiisha kabla ya upasuaji na kiraka kikibaki kama kinahitajika. Mwenye wiki 6 na timu isiyokubali nikotini: aulize kuhusu sitisini au vareniklini, na kama amewahi kurudia sigara mara nyingi, asiogope kuomba tarehe isogezwe. Tarehe iliyosogezwa huuma wiki moja. Kidonda cha maungio huuma kila mlo.

Wa mwisho ni yule ambaye ameshapasuliwa na amerudia. Miezi ya hatari mara nyingi si ile ya mwanzo, ambapo maumivu na uangalizi humlinda mtu. Ni baadaye, watu wakishaacha kuuliza hali yako, chakula kimekosa ladha ya zamani, na pombe imeanza kupanda kichwani haraka kuliko zamani, maana baada ya baipasi huingia kwenye damu kwa kasi zaidi. Pombe na sigara hufuatana. Ukijikuta umewasha moja, mpigie simu mtu wa timu yako wiki hiyohiyo, usingoje kliniki ya mwaka. Watakuuliza kama bado unatumia dawa ya kupunguza tindikali, wanaweza kukurudishia, na kiraka kinaweza kuanza siku hiyohiyo. Kama umefanyiwa baipasi na una maumivu chini ya kifua kila ukila, kichefuchefu kisichoisha, au kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, usijitibu kwa vidonge vya dukani, na hasa usimeze ibuprofeni. Maumivu ya ghafla, makali, yanayofanya tumbo liwe gumu, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, na ukifika mlangoni sema mambo mawili kabla ya mengine: nimefanyiwa baipasi, na nimevuta sigara.